Kabla hujaweka jina lako kwenye leseni ya jirani

Mara ni mkoa wa mpakani, na ukoo mmoja kuwa na watu pande zote mbili za mpaka wa Kenya pale Sirari hakumshangazi mtu. Ndiyo maana amri iliyotangazwa mwishoni mwa Julai 2025 na Selemani Jafo, wakati huo Waziri wa Viwanda na Biashara, inahitaji kusomwa vizuri Musoma, Bunda na Butiama.

Amri hiyo inamkataza asiye raia kufanya biashara za aina 15. Zinazotugusa zaidi ni duka la jumla na rejareja (supamaketi zimeachwa), uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali wa nyumba na viwanja, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Wengi walidhani walengwa ni Wachina wa Kariakoo, kwa sababu kelele zilianzia huko. Lakini Mkenya, Mganda na Mrundi nao si raia. Kenya ililalamika kwamba jambo hili linakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, na kwa maoni yangu hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, malalamiko ya serikali hayatakusaidia siku maofisa wakisimama dukani kwako.

Adhabu ya mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha kuishi. Raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Hapo ndipo wenyeji wanapojikwaa. Mtu wa Bunda anakata leseni kwa jina lake, mtaji na faida ni vya rafiki wa Migori, Kenya, yeye anapewa kidogo kila mwezi. Siku ya ukaguzi, jina lililo ukutani ni lake. Kwa Buhemba, wilayani Butiama, ni vilevile: leseni ndogo ya uchimbaji ilikuwa ya Watanzania hata kabla ya amri hii.

Mgeni aliyekuwa na leseni halali anaruhusiwa kuendelea mpaka imalizike muda. Baada ya hapo haihuishwi.

Vipi mke aliyeolewa kutoka Kisii na sasa ana saluni Musoma? Ndoa peke yake haimfanyi raia. Sheria inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia, ila atalazimika kuuacha ule wa Kenya, kwa kuwa Tanzania haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Mpaka atakapoupata, saluni hiyo ina hatari kwake na kwa mumewe pia.

Kuajiriwa ni suala jingine. Mwalimu au fundi mgeni anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015, kisha kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Daraja A ni la wawekezaji. Kibali kimoja hakifanyi kazi ya kingine, na pasi ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi hata ya wiki moja.

Mwanafunzi naye aje na barua ya chuo na ashughulikie kibali cha masomo mapema. Kibali hicho ni cha kusoma. Akifungua kibanda cha kutuma pesa nje ya geti la chuo, anakuwa mfanyabiashara asiye na ruhusa, na aliyempangisha kibanda naye ataulizwa.

Kwa kijana wetu anayevuka kwenda Kenya, kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Chukua pasipoti au hati ya dharura, ugongewe muhuri pale Sirari, na usikubali kupitishwa njia za panya. Mkono wa sheria wa upande wa pili nao ni mrefu.

Ukiwa na shaka, nenda kwa ofisa biashara wa halmashauri yako au ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Musoma, kabla ya kusaini chochote.