MTUNGI WA MAJI, MIMI, NA ULIMWENGU WA LEO



Katika vyombo vyote vya nyumbani, sidhani kama kiko kinachodharauliwa siku hizi kuliko mtungi wa maji. Wenye uwezo wana friji; wasio na uwezo wana ndoo na madumu ya plastiki. Mtungi umesukumwa pembeni, na mara nyingi utaukuta kwa wazee tu. Lakini kadiri nilivyojifunza habari za joto katika somo la fizikia, ndivyo nilivyozidi kuuona mtungi kuwa mwalimu. Katika makala haya nitaeleza kwanza jinsi mtungi ulivyo na jinsi unavyofanya kazi, kisha nitaulinganisha na nafsi yangu, na mwisho nitaulinganisha na ulimwengu wa leo. Msomaji atapima mwenyewe kama mlinganisho huu unasimama.

Jinsi mtungi unavyotengenezwa

Mtungi huanza kuwa udongo. Hapa Tanzania wako wafinyanzi wenye sifa. Wanawake wa Kikisi, huko Matema kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu ambavyo hupakiwa mitumbwini na kupelekwa sokoni. Na wanawake wa Upare nao wamejulikana kwa kazi hiyo tangu zamani. Mfinyanzi huponda udongo, huondoa mawe na mizizi, na wengi hutia mchanga au vigae vilivyosagwa ili chombo kisipasuke. Kisha huukanda mpaka ulainike. Wahenga walisema, “Udongo upate ungali maji.”

Ukiisha kufinyangwa, mtungi hauchomwi siku ile ile. Huachwa kwanza ukauke. Kama maji yamesalia ndani ya udongo, moto huyageuza kuwa mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua chombo. Moto ukishapita nyuzi 600 hivi, udongo hubadilika tabia kabisa: hata ukilowekwa mwaka mzima haurudi tena kuwa tope. Lakini moto una kiasi chake. Katika tanuri za kuchomea vyombo vya kaure, joto hufika nyuzi 1,300 hivi, na hapo vitundu vidogo vilivyomo katika udongo huziba. Chombo cha namna hiyo huwa kigumu na cha kupendeza, lakini hakiwezi kupoza maji.

Jinsi mtungi unavyopoza maji

Kwa macho, mtungi ni mzima. Kumbe ukuta wake umejaa vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno visivyoonekana. Maji hupenya humo polepole mpaka nje, na ndiyo maana ukiupapasa mtungi mzuri utaona una unyevu ubavuni. Unyevu huo ukipigwa na upepo hugeuka mvuke na kwenda zake. Lakini maji hayawezi kugeuka mvuke bila kupata joto, na joto hilo huchukuliwa katika ukuta wa mtungi na katika maji yaliyobaki ndani. Basi yale yanayotoka ndiyo yanayoyapoza yale yanayobaki.

Tufanye hesabu kidogo. Kupasha gramu 1 ya maji joto kwa uzi 1 kwahitaji kalori 1. Kuigeuza gramu hiyo hiyo kuwa mvuke, katika joto la kawaida la nchi yetu, kwahitaji kalori 580 hivi. Sasa chukua mtungi wenye lita 20, yaani gramu 20,000, ambao twataka upoe kwa nyuzi 5. Joto la kuondolewa ni 20,000 mara 5, yaani kalori 100,000. Ukigawanya kwa 580 utapata gramu 172. Hiyo haifiki robo lita! Kwa kweli mtungi hutoa zaidi ya hapo, kwa sababu joto jingine huzidi kuingia kutoka nje. Lakini hesabu yatuonyesha jambo kubwa. Mtungi hutoa kikombe kimoja, na lita zote zilizobaki zapoa.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nami nasoma Dodoma, kwa hiyo naijua mitungi ya pwani na ya bara. Kule Tanga hewa ina unyevu mwingi, nayo haiwezi kupokea mvuke mwingi zaidi. Mtungi hutoka jasho, lakini maji hayapoi sana. Hapa Dodoma, wakati wa kiangazi, hewa ni kavu, na mtungi uliowekwa kivulini penye upepo hupoza maji vizuri mno. Mtungi waweza kuwa ule ule, na mfinyanzi yule yule. Tofauti ni kwamba hapa yupo wa kupokea.

Mtungi na nafsi yangu

Mimi nami nilianza kama udongo. Wazazi wangu walinikanda kabla sijajua kusema, na walimu wanaendelea na kazi hiyo. Moto wa shule ni kazi, kanuni na mitihani, na mwanafunzi asiyepita katika moto huo atalowa na kuwa tope siku atakapokutana na shida ya kwanza. Hilo silikatai. Lakini walimu na wazazi wetu wataniwia radhi nikisema kuwa moto una kiasi chake. Mtoto aliyetiwa motoni kabla hajakauka hupasuka. Na mtoto aliyechomwa kupita kiasi, kwa kufokewa na kuchapwa kila siku, hutoka tanurini akiwa mgumu na mwenye kung'aa, lakini vinyweleo vyake vimeziba. Hatoi kitu kwa mtu, wala hapokei.

Hata mwili wangu ni mtungi. Ngozi ya mwanadamu ina tezi za jasho zipatazo milioni mbili au zaidi, na kwa jasho hilo mwili wangu hubaki katika nyuzi 37 hata jua la mchana likiwa kali kuliko hapo. Siku ambayo mwili utakataa kutoa jasho kwenye jua kali, siku hiyo nitaanguka. Mwenyezi Mungu ametuumba hivi kwamba hatuwezi kuishi pasipo kutoa.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa taifa, na kadiri siku zinavyokaribia, ndivyo madaftari yanavyozidi kufichwa bwenini. Nimemwona mtu akisoma ndani ya blanketi kwa tochi, si kwa kumwogopa mwalimu wa zamu, bali kwa kumwogopa mwenzake wa kitanda cha pili asije akaona ni kitabu gani anachosoma. Maswali ya miaka iliyopita yamekuwa kama dhahabu. Mtu akiulizwa, “Ndugu, hesabu hii hufanywaje?” hujibu, “Hata mimi sijui,” naye aliifanya jana yake.

Wanafunzi wenzangu, twamficha nani? Katika mtihani huu alama A hupewa kila anayefikia kiwango chake. Mwenzangu akiipata, yangu haipungui hata chembe. Tena tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza majina ya wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Basi hata ile sababu ya kugombea kutangazwa imeondoka. Kilichobaki ni hofu tu.

Mimi nimeona faida ya kutoa, nami nasema nilichokiona. Somo ambalo sijamweleza mtu hukaa kichwani mwangu kama maji ya dumu lililoachwa juani: yapo, lakini ni ya vuguvugu. Ninapomweleza mwenzangu ndipo ninapogundua mahali ambapo sielewi. Yeye huuliza, “Kwa nini hapa umegawanya?” nami hulazimika kurudi kitabuni. Nimempa robo saa yangu, na somo zima limetulia kichwani mwangu. Hesabu yake ni ile ile ya kikombe kimoja na lita ishirini.

Naye anayefundishwa ana wajibu wake. Kumbukeni hewa ya Tanga. Mtu aliyejaa kiburi, asiyetaka kuambiwa neno, hata akikaa karibu na mwenye hekima hapati kitu, wala hampi mwenzake nafasi ya kufaidika kwa kutoa.

Kutoa si kuvuja

Huenda msomaji akauliza, “Je, nitoe kila kitu? Nitabaki na nini?” Swali hili ni la haki, na mtungi walijibu vizuri. Mtungi wenye ufa hutoa maji mengi kuliko wote, lakini hakuna anayeusifu. Asubuhi utaukuta mtupu, na sakafu imelowa. Mtungi mzima hutoa kwa vinyweleo, kidogo kidogo, na kila jioni hujazwa tena.

Mwanafunzi anayewaandikia wenzake kazi zao zote huyo anavuja. Wala hakuwasaidia, kwa maana hawakujifunza kitu. Anayetoa majibu ndani ya chumba cha mtihani, huyo amepasuka kabisa, naye aweza kufutiwa matokeo yake yote. Vilevile mtu mwenye mshahara, ambaye jamaa wote humtegemea mpaka watoto wake wakakosa ada, amepata ufa, na ni kazi ya ukoo kuuziba. Kutoa kwema kuna kipimo, na kipimo chake ni kwamba kesho uweze kutoa tena.

Mtungi na ulimwengu wa leo

Sasa tuitazame friji. Watu wengi hudhani friji huua joto. Sivyo. Joto haliuawi, friji hulichukua kutoka ndani na kulitupa nje. Weka mkono wako nyuma ya friji inayofanya kazi, utaona pana joto. Friji hupoza tumbo lake kwa kulipasha joto jiko zima, na juu ya hayo hula umeme. Kwa miaka mingi gesi za klorofluorokaboni zilizotiwa ndani yake ziliharibu tabaka la ozoni, mpaka mataifa yakakutana mwaka 1987 na kufanya Mkataba wa Montreal ili kuzipunguza.

Sisemi hivi ili tutupe friji. Mgala muue na haki yake mpe: bila friji chanjo za watoto zingeharibika, na dawa nyingi pia. Nasema hivi kwa kuwa naona ulimwengu wa leo umejifunza zaidi tabia ya friji kuliko ya mtungi. Tajiri hujijengea ukuta mrefu, na takataka zake huteremka kwa jirani wa bondeni. Mji husafishwa, na uchafu wake hupelekwa kijijini. Nchi zenye viwanda vingi zilijipatia raha, na moshi wao umepandisha joto la dunia nzima, mkulima asiye na hata taa ya umeme akiwemo. Kila mmoja apoa kwa kumpasha mwenziwe.

Hata hivyo, wako waliorudi kuutazama mtungi kwa akili mpya. Nchini Nigeria alikuwako mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi. Katika miaka ya 1990 aliwafikiria wakulima wa Jimbo la Jigawa, ambao hawakuwa na umeme, na mboga zao zilioza kabla ya kufika sokoni. Alichukua chungu kidogo akakitia ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga wenye maji katikati, na kufunika kwa kitambaa kilicholowa. Biringani zilizokuwa zikioza kwa siku 3 ziliweza kukaa siku 27. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Udongo, mchanga na maji vilikuwapo kwa bibi zetu miaka yote. Yeye aliongeza elimu ya shule na huruma kwa jirani.

Hayo ndiyo ninayoyaona kuwa maendeleo ya kweli: kuchukua tulichosoma na kukitoa mahali penye joto. Wahenga walisema, “Mfinyanzi hulia gaeni.” Wengine husema methali hiyo kwa kumcheka mfinyanzi. Lakini vyungu vyake vizima vimo katika nyumba za watu wengi, na humo watu wanakunywa.

Jaribio na maswali

1. Chukua chupa mbili zilizo sawa, uzijaze maji ya bomba. Moja ifunge kwa kitambaa kilicholowa, nyingine iache hivi hivi. Ziweke kivulini penye upepo kwa saa mbili, ukilowesha kitambaa kila kinapokauka. Pima joto la maji kwa kipimajoto na uandike tofauti.

2. Kwa nini mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje haupozi maji?

3. Mtungi una lita 10. Ikiwa joto lote latoka katika maji yenyewe, ni gramu ngapi zitakazogeuka mvuke ili maji yaliyobaki yapoe kwa nyuzi 4? (Tumia kalori 580 kwa gramu.)

4. Swali hili la mwisho halina alama, wala hatalisahihisha mwalimu. Juma hili, ni nani aliyekuuliza jambo unalolijua, nawe ulimjibu nini?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne