Si Kila Anayenenepa Amenawiri

Huku kwetu mtu akinenepa husifiwa, "Umenawiri! Maisha yamekukubali!" Wengine nao husengenya, "Huyo ni mvivu, kazi yake kula na kulala." Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba kauli zote mbili zaweza kumkosea mtu yuleyule, yaani anayeishi na maumivu ya kudumu.

Maumivu ya kudumu ni yapi? Ni yale yanayoendelea, au kurudi mara kwa mara, kwa zaidi ya miezi 3. Kuna ya mgongo, ya neva, na ya viungo. Shangazi yangu anaumwa na goti ambalo gegedu lake (ule mto laini unaotenganisha mifupa) limelika. Zamani alikwenda sokoni kwa miguu, kikapu kichwani. Siku hizi hupanda matatu hata kwa safari fupi. Amenenepa, na wateja wake wanampongeza! Basi, unene wa namna hii hutoka wapi?

Kwanza, kutotembea. Goti likiuma, mtu hupunguza mwendo. Chakula kikibaki kilekile na kazi ya mwili ikapungua, nishati inayozidi huwekwa kama mafuta. Tena misuli isiyotumika husinyaa, na misuli ikisinyaa mwili hutumia nishati kidogo zaidi, hata mtu akiwa amepumzika.

Pili, usingizi. Maumivu humwamsha mtu usiku. Kukosa usingizi huweza kuvuruga homoni: ya njaa huongezeka, ya shibe hupungua. Kesho yake mtu anatamani vitu vitamu, wala si eti ni mlafi.

Tatu, dawa. Predinisoloni, inayotumiwa katika baadhi ya magonjwa ya viungo, huongeza hamu ya kula na huweza kuufanya uso uwe mviringo. Amitriptilini na pregabalini, dawa za maumivu ya neva, nazo zaweza kuongeza uzito. Lakini tahadhari! Mgonjwa asiache dawa ghafla. Aliyetumia predinisoloni kwa muda mrefu akiikatiza tu anaweza kuugua vibaya, maana mwili wake umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Amwone daktari kwanza.

Kumbe shida haiishii hapo. Maumivu huleta uzito, na uzito nao huzidisha maumivu. Mwaka wa 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wazee wanene wenye ugonjwa huu wa goti. Waliona kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Hebu tupige hesabu: shangazi akipunguza kilo 5, goti lake litakuwa limetua kilo 20, yaani mtungi wa lita 20 uliojaa maji! Isitoshe, mafuta ya mwilini hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa viungo.

Afanye nini basi? Kulala kitandani mchana kutwa si dawa. Kwa ushauri wa daktari, aketi kitini na kuunyoosha mguu, aushikilie kidogo, kisha aushushe, ili misuli ya paja ipate nguvu. Atembee mahali tambarare, leo kidogo, kesho zaidi kidogo. Apunguze sukari kwenye chai na vyakula vya kukaangwa, aongeze sukuma wiki na maharagwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Na sisi wanafunzi je? Tuna kazi pia. Tumbebee kikapu kizito, lakini tusimfanyie kila kitu. Tutembee naye polepole. Tuache kumtania eti "bonge". Badala ya kutazama kiuno chake, tumwulize amelalaje na goti linaendeleaje. Wahenga hawakukosea waliponena: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.