Chachu ya mvinyo: kuiosha sio kuiponya

Somo la leo ni la mnaotengeneza mvinyo wa zabibu nyumbani na kuuza kwa oda za mtandaoni. Mimi nina duka la vifaa hapa Mkonze, na kila msimu wa mavuno naulizwa: "Kaka, lile tope la chini ya ndoo naweza kulitumia tena?"

Ndiyo, unaweza. Lile tope ndani yake kuna chachu hai. Ila tuanze na hesabu.

Tuseme paketi ya gramu 5 inatosha ndoo ya lita 20, na bei ni 8,000. Ndoo 4 ni 32,000. Ukinunua paketi 2 na kila moja ukairudia mara moja, umeokoa 16,000. Safi. Lakini ndoo moja ikigeuka siki, umepoteza zabibu, sukari na chupa zaidi ya 20 ambazo watu wameshaoda. Kwa hiyo okoa kwa akili.

JINSI YA KUOSHA
1. Chukua tope siku unayohamisha mvinyo kwa mara ya kwanza. Usisubiri miezi, chachu ikikaa sana kwenye kilevi inakufa.
2. Chemsha maji, funika, yaache yapoe kabisa. Chemsha na chupa za kioo utakazotumia.
3. Mimina tope na maji kiasi kilekile kwenye chupa, tikisa, acha dakika 15 hadi 20. Mbegu na maganda yatashuka kwanza. Chachu inabaki ikielea, maji yanaonekana kama maziwa.
4. Hamishia hayo maji ya maziwa kwenye chupa ya pili. Yale mazito ya chini tupa.
5. Weka kwenye friji, sio friza. Usikaze kifuniko, hewa itapasua chupa. Kesho yake utaona tabaka la rangi ya krimu chini. Hiyo ndiyo mali.
6. Andika tarehe na ni mara ya ngapi. Tumia ndani ya wiki 2.

Kabla ya kutumia, chota kidogo uweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari. Ikitoa povu ndani ya saa chache, iko hai.

SASA SIKIA HAPA
Kuosha kunaondoa maganda na mbegu. Hakuondoi bakteria wala chachu ya porini, maana ni vidogo na vinaelea pamoja na chachu yako. Ndoo ikinuka siki au rangi ya kucha, au ikiwa na utando juu, usioshe chochote. Mwaga, nunua paketi mpya.

Hili liliwasumbua hata wakubwa. Kiwanda cha Carlsberg kule Copenhagen kilikuwa na bia inayoharibika. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen akaonyesha kuwa chachu yao ilichanganyika na ya porini. Hakuiosha. Alichukua chembe moja nzuri akaizalisha upya. Hiyo ndiyo chachu ya lager, familia ya bia kama Safari na Kilimanjaro.

Watu wa lager wanairudia chachu hata mara 5 hadi 10, lakini usiwaige. Bia yao ina kilevi karibu asilimia 5, mvinyo unafika 11 hadi 13, chachu inachoka haraka. Pia lager inachachuka kwenye baridi ya nyuzi 8 hadi 13, na wana maabara ya kuipima. Sisi mara moja inatosha, ikizidi sana mbili.

Na Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari-Machi na Agosti-Septemba. Rudia chachu ndani ya msimu uleule. Usiitunze ya Machi ukitegemea ifanye kazi Agosti.

Mwisho, leseni ya vileo na alama ya TBS ni lazima kabla ya kuuza, na usimuuzie aliye chini ya miaka 18. Mteja wa mtandaoni hakuonji kwanza, anaamini chupa ya pili itakuwa kama ya kwanza. Usiuze imani hiyo kwa 8,000.

Wewe unarudia mara ngapi? Andika hapo chini tujifunze.