Mitandao Iliyogatuliwa kwa Mtu wa Bariadi: Vidokezo Nane

Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa Tanzania. Septemba mwaka huo huo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Kama ulikuwa unatafutia wanunuzi wa choroko au dengu kwenye ukurasa mmoja tu, ukurasa ukifungwa na wateja wamekwenda nao. Ndiyo maana nasema mitandao iliyogatuliwa, ile isiyo na mmiliki mmoja, inatufaa kuijua hata sisi wa Simiyu: Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Ina tabia zake, na simu zetu nazo zina zao.

1. Soma jina lako mpaka mwisho. Mastodon, iliyoanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016, haikai kwenye kompyuta za kampuni moja. Iko kwenye seva nyingi sana, kila moja na wenyewe, ndiyo sababu jina lako lina sehemu mbili: la kwako na la seva uliyojiandikisha. Ichukulie kama AMCOS zetu, vyama vya ushirika vya wakulima. Kila moja ina viongozi wake, mizani yake na daftari lake, lakini pamba yote inaingia soko moja. Aliye kwenye seva nyingine anakusoma, anakufuata na kukujibu bila kuhama alipo. Ukimpa mtu jina nusu, hakupati.

2. Kabla ya kuchagua seva, waangalie wanaoiendesha. Nani analipia umeme na mitambo? Masharti yameandikwa? Wengi wanaoendesha seva hizi wanajitolea, na anayejitolea huchoka. Oktoba 2022 mwendeshaji wa mastodon.technology alitangaza kuifunga, na watu wakalazimika kuhama. Seva zinazoorodheshwa kwenye joinmastodon.org zimeahidi kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kufunga, kwa hiyo anzia huko. Na ukihama, ujue utaratibu: wanaokufuata wanahamia nawe, lakini ulichokwisha kuandika kinabaki kulekule. Hama wakati seva ya zamani bado iko hewani. Bluesky, iliyofungua milango kwa wote Februari 2024, ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Ila kwa maoni yangu ugatuzi wake bado haujakomaa, kwa sababu akaunti nyingi mno zinahifadhiwa na kampuni yenyewe.

3. Iambie simu kwamba unaandika Kiswahili. Hili naliomba kuliko yote. Kila chapisho la Mastodon linabeba lebo ya lugha, na simu iliyowekwa Kiingereza inaweza kulibandika lebo ya Kiingereza hata kama umeandika Kiswahili kitupu. Aliyechagua kuona machapisho ya Kiswahili peke yake kwenye kurasa za wote hatakuona. Kitufe cha kutafsiri nacho kinachanganyikiwa. Mtu asiyeona, anayesomewa na simu yake, atasikia maneno yako yakitamkwa kwa Kiingereza, asielewe hata moja. Bonyeza ile alama ya lugha kwenye sehemu ya kuandikia, chagua Kiswahili, basi.

Ukimaliza hapo, geukia kibodi. Unaandika "mzigo wako umefika", simu inajisahihishia "mzigo wake umefika". Sentensi inabaki nzuri kabisa na ujumbe umeshageuka: mteja anadhani unamzungumzia mwingine. Gboard ina Kiswahili. Kiongeze kwenye mipangilio, kisha shikilia kitufe cha nafasi kubadilisha lugha. Ukiona bado inakusumbua, zima usahihishaji wa maneno moja kwa moja.

4. Usingoje kuletewa. Ukifungua Mastodon siku ya kwanza utakuta ukurasa mtupu, maana hakuna mashine inayokuchagulia cha kuona kama TikTok. Fuata watu, na fuata mada kwa alama ya reli: #Simiyu, #Bariadi, #pamba. Ukikuta #Simiyu haina kitu, wewe ndiye wa kuanza. Ukimtajia mtu wa mbali Bariadi, mara nyingi anaanza na hadithi za kijiji cha Gamboshi na uchawi. Mwandikie basi kuhusu ngoma za Kisukuma za Bagika na Bagalu, bei ya mahindi sokoni, viwanja vya Nyakabindi vilivyobeba Nane Nane ya kitaifa 2018, na barabara ya Lamadi. Kila picha iwekee maelezo mafupi kwa ajili ya wasioona.

5. Linda bando. Zima video zinazojichezesha zenyewe. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video bila wewe kuruhusu, hasa kama uko kwenye makundi ya harusi na misiba. Utaokoa bando na nafasi ya simu kwa pamoja.

6. Ujumbe binafsi si siri. Ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haujafungwa kwa ufunguo wa watu wawili, kwa hiyo mwendeshaji wa seva akitaka anaweza kuufungua. Namba ya NIDA, picha za watoto na mambo ya fedha visipite huko. Na kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakufuata kwenye seva yoyote unayoandikia, iwe ya Ujerumani au ya jirani. Kuhusu VPN, zile programu za kupita kando ya vizuizi vya mtandao, Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wajisajili, hivyo soma masharti kwanza.

7. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Matapeli wa ujumbe huu hawajali umejiunga mtandao gani. Wanakusudia ukutane nao siku ile ile ambayo kweli ulikuwa na mtu wa kumtumia hela, hasa msimu wa pamba. Usijibu. Mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Kisha tuma ujumbe huo kwenda 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoifahamu, nenda kwenye duka la mtandao husika ukaifute.

8. Weka nakala, halafu weka daftari. Mastodon inakuruhusu kupakua machapisho yako na orodha ya unaowafuata. Fanya hivyo mara kwa mara na uhifadhi faili nje ya simu. Lakini hata mtandao uliogatuliwa unahitaji intaneti. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikasota. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Siku kama hizo seva elfu moja hazikusaidii kitu. Kwa hiyo nunua daftari, uandike kwa kalamu namba za wanunuzi wako, katibu wa AMCOS, dereva wa bodaboda unayemwamini, zahanati ya karibu na ndugu walio Mwanza. Liandike wiki hii, kabla msimu wa kununua pamba haujafunguliwa.