SOMO: KIVULI NA MAJI YA KIJITO

Ndugu mliotoka Rumonge, mnaujua ubaridi wa msitu wa Kigwena. Kijito kikitoka kwenye miti kikaingia shambani, mguu unahisi tofauti, hasa saa nane mchana.

Kivuli hakipoozi maji, bali kinazuia jua lisiyapashe moto. Kijito kina maji machache, tena ya kina kifupi, hivyo hupata joto upesi. Mto mpana kama Murembwe, miti ya ukingoni haiwezi kuufunika wote. Ziwa ndiyo kabisa. Na kwetu ni karibu na ikweta: adhuhuri jua liko utosini. Kinachosaidia ni matawi yanayokutana juu ya maji. Michikichi michanga haitoshi.

Hasara ni nini? Maji ya nyuzi 20 hushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7 na nusu tu. Na samaki akiwa kwenye joto huhitaji hewa zaidi.

Anayetaka kupima asitumie kipimajoto cha homa, maana huanzia nyuzi 35. Unyayo unatosha. Lakini maji baridi si maji salama. Yachemsheni hata yakitoka kivulini.

Wanaojiandaa kurudi watatamani kulima hadi majini, kwani ardhi Rumonge ni finyu: wengi waliokimbia mwaka 1972, waliporudi waliyakuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Mwenye kipande kidogo haambiwi aache chote. Aache miti ya ukingoni, ng'ambo zote mbili, alime nyuma yake.