Mpira Uliopikwa Katika Viatu Vikuukuu

Huko Kalimoni, katika sehemu za Thika na Ruiru, mvua ikinyesha udongo mweusi hunata viatuni, na jua likiwaka ardhi hukauka ikawa ngumu. Soli ya ngozi tupu ikilowa hulainika, na ikilainika hulika upesi. Ndiyo sababu mafundi wengi huweka soli na visigino vya mpira. Lakini mpira ukiwekwa vibaya hubanduka njiani, na mwenye kiatu hulipa mara mbili.

Yafaa kwanza kujua mpira huo ni kitu gani. Utomvu wa mpira uliokaushwa tu hunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba ukichanganywa na unga wa manjano uitwao salfa, kisha ukapikwa kwa moto mkali, tabia yake hubadilika: haunati tena kwa jua, na ukivutwa hurudi kama ulivyokuwa. Mwaka 1899 Mmarekani mwingine, Humphrey O'Sullivan, alipewa hati ya haki ya kisigino cha mpira.

Mpira uliokwisha kupikwa hauyeyuki kama nta. Anayeuchoma motoni ili ushike huuunguza bure. Tairi kuukuu la motokaa, ambalo watu wa Kenya hulitengenezea viatu vya akala, ni mpira wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo hukatwa kwa kisu, wala hauyeyushwi.

Fundi hodari hufanya hivi. Kiatu hukaushwa kabisa kivulini. Uso wa ngozi na uso wa mpira hukwaruzwa kwa tupa au msasa, kisha vumbi hufutwa. Gundi ya mpira hupakwa nyuso zote mbili, ikaachwa mpaka isishike kidoleni. Ndipo zinapobanwa na kugongwa kwa nyundo. Kisigino huongezewa misumari midogo. Gundi hiyo hushika moto upesi, basi isitumiwe karibu na jiko wala taa.

Mwenye kiatu naye asingoje mpaka mpira uishe. Kisigino kikilika upande mmoja, mguu hulala, na kiatu chote hupinda. Kisigino kipya ni rahisi kuliko jozi mpya. Mwenye busara hukibadilisha mapema.