Sabuni Iliyoharibika Isitupwe, Lakini Ipimwe Kwanza

Vikundi vinavyotengeneza sabuni Kitui na Makueni havikosi ndoo ya mabaki: kingo zilizokatwa, vipande vilivyovunjika, na mara nyingine kazi ya siku nzima iliyokataa kushikana. Mafuta na kostiki soda ni ghali, kwa hivyo kuyeyusha mabaki hayo yawe sabuni mpya ni jambo la busara. Hatari huja yanapoyeyushwa kabla ya kujua yaliharibikia wapi.

Sabuni yenye umbo baya tu haina neno. Ile inayovunjika kama chokaa, au yenye vishimo vinavyotoa maji, huenda imezidi kostiki soda, nayo huchoma ngozi. Kipande kidogo kiyeyushwe katika maji safi na kupimwa kwa karatasi ya pH. Kipimo cha 9 hadi 10 ni cha kawaida kwa sabuni. Kikifika 11, kuna soda iliyobaki. Wako wanaoionja kwa ulimi, na hiyo si njia ya kumfundisha mtu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni sufuria. Nyingi zinazouzwa sokoni ni za alumini, na kostiki soda hula alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Mabaki yawekwe katika bakuli la chuma kisichoshika kutu, kisha bakuli liingizwe ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka. Sufuria hiyo ya nje hata ikiwa ya alumini haidhuru. Mpishi avae glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Sabuni kali ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, wala si kwa siki au limau.

Mabaki hukwaruzwa kwa kifaa cha kukwaruzia karoti. Kilo 1 huhitaji takriban mililita 100 za maji; yakizidi, sabuni husinyaa na kupinda ikikauka. Maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi na hupunguza povu, kwa hivyo ya mvua yanafaa zaidi. Bakuli hufunikwa na sabuni kukorogwa polepole kwa saa 1 au 2 hadi iwe kama uji mzito. Iliyozidi soda huongezwa vijiko 2 vya mafuta kwa kilo, ipikwe nusu saa nyingine, ipimwe tena. Anayetaka kutia asali ya Mwingi asubiri mwishoni, na kijiko 1 kinatosha, maana sukari huungua.

Sabuni hii haimiminiki kama ile ya kwanza. Hushindiliwa kwa mwiko, na kibao cha umbo hugongwa mezani kutoa hewa. Ikikatwa, hukaushwa kivulini wiki 2 hadi 4. Uso wake hubaki na mikwaruzo, jambo lisilopunguza usafi wake. Inayokusudiwa kuuzwa hupimwa pH tena kabla ya kufungwa, na lazima iwe na alama ya ubora ya KEBS.